Ukimya au Uziwi? Ushauri kwa Anayeandika Programu ya Kusikiliza Nyufa

Tangi la mafuta linajaribiwa. Limejazwa maji, vihisi vimebandikwa kulizunguka, na kwenye skrini mstari umelala tangu asubuhi bila kuruka hata mara moja. Mkaguzi anakugeukia wewe uliyeandika programu: tangi ni zima, au mashine haisikii? Kama programu haiwezi kumjibu, grafu, rangi na ramani zake zote ni mapambo.

Makala haya yanawahusu wanaoandika, au wanaotaka kuandika, programu za kufuatilia milio ya nyufa kwenye matangi, mabomba, mitungi ya shinikizo na madaraja. Ushauri wangu wote unasimama juu ya nguzo moja: isanifu programu hivi kwamba ukimya wake uaminike. Kunasa mlio ni kazi ambayo mashine za siku hizi zinaiweza. Kuthibitisha kwamba palipo kimya ni pazima kweli ndiyo kazi inayoachwa kwa mwandishi wa programu, na ndiyo inayosahaulika.

Kwa asiyeijua fani hii, msingi wake ni mwepesi. Tawi kavu hulia kabla ya kukatika. Chuma, zege na faiba nazo hulia, ila sehemu kubwa ya mlio wao iko juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Ufa unapoongezeka hata kidogo sana, nguvu iliyokuwa imejibana ndani huachiliwa na kusafiri kama wimbi. Kihisi chenye kristali ya piezo hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, kikuzaji huukuza, mashine huupima, na programu huamua kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe. Kwenye mitungi ya chuma hutumika sana vihisi vinavyosikia vizuri zaidi karibu na kilohezi 150. Kwenye sakafu za matangi makubwa hupendelewa vya karibu kilohezi 30, kwa kuwa mawimbi ya chini hufika mbali zaidi.

Tofauti na eksirei ni hii: picha ikiharibika unapiga nyingine. Ufa ukishapasuka umepasuka, hauwezi kurudia kwa sababu diski yako ilikuwa imejaa.

Shinikizo nalo ni data

Mwaka 1950, huko Munich, Joseph Kaiser aliandika tasnifu iliyoonyesha kwamba chuma kilichowahi kubebeshwa mzigo fulani hunyamaza kikibebeshwa tena, mpaka mzigo mpya upite ule wa zamani. Tabia hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo, na kwa msanifu wa programu ina maana kubwa. Kuna ukimya unaotokana na uzima, kuna unaotokana na mashine kutosikia, na kuna huu wa tatu: chuma kimenyamaza kwa sababu leo hakijafikishwa pale kilipofikishwa zamani.

Kwa hiyo shinikizo au uzito uingizwe kama chaneli kamili, kwa saa ileile inayopima milio. Usiruhusu shinikizo liandikwe kwa kalamu kwenye karatasi pembeni, kisha lioanishwe na data jioni kwa kukisia. Weka pia sehemu ya lazima ya kujaza mzigo mkubwa kuliko yote ambao chombo kimewahi kubeba. Kama mtumiaji haujui, programu iandike kwamba haujulikani, na neno hilo lifike hadi kwenye ripoti.

Kwa vyombo vya faiba, chaneli hiyo ya mzigo hugeuka kuwa kipimo chenyewe. Chombo kimepandishwa hadi bar 10, kikashushwa, kikapandishwa tena. Kikianza kulia kwenye bar 9, uwiano ni 0.9. Uwiano huo, ujulikanao kama uwiano wa Felicity, ukizidi kushuka, uharibifu unazidi kukua. Bila mzigo na mlio kuwa kwenye saa moja, hesabu hiyo haipo.

Kizingiti, na hesabu ya diski

Fanya hesabu kabla ya kununua chochote. Chaneli moja inayochukua sampuli milioni 10 kwa sekunde, kila sampuli baiti 2, inatoa megabaiti 20 kwa sekunde. Chaneli 8 ni megabaiti 160 kwa sekunde, yaani karibu terabaiti 14 kwa siku. Hakuna mradi wa kawaida utakaohifadhi hayo yote kwa mwaka mzima. Ndiyo maana mfumo huandika pale tu ishara inapovuka kizingiti.

Kizingiti hupimwa kwa desibeli, na sifuri yake ni mikrovolti 1 kwenye kihisi, kabla ya kukuzwa. Desibeli 40 ni mikrovolti 100, desibeli 60 ni milivolti 1. Hapa pana mtego. Kuna vikuzaji vya desibeli 34 na vya desibeli 40. Fundi akibadilisha kikuzaji na programu isijue, kila namba itapotoka kwa desibeli 6, ambazo ni maradufu ya volti, na hakuna mtu atakayeona kosa kwa kutazama grafu. Fanya aina ya kikuzaji iwe mali ya kila chaneli peke yake, wala usiweke mpangilio mmoja wa mfumo mzima.

Zaidi ya mapigo yanayovuka kizingiti, andika pia wastani wa ishara ya kila chaneli kwa vipindi vilivyopangwa, mathalani kila sekunde, pigo liwepo lisiwepo. Namba hiyo ndogo isiyokula nafasi ina faida mbili. Ya kwanza, uvujaji haupigi kama ufa, hunguruma mfululizo, na mfumo unaosubiri mapigo peke yake huweza kuupita. Ya pili, namba hiyo ndiyo pumzi ya kihisi. Kikiwa hai, hata pasipo na mlio, kuna mnong'ono wa chini usiokoma. Mnong'ono ukishuka ghafla chini ya kawaida yake, shuku waya, kikuzaji, au gundi iliyobanduka.

Pigo huanza wapi, huishia wapi

Wimbi la ufa mmoja halifiki likiwa safi. Linakuja, linagonga kona na kurudi, linafifia huku likivuka kizingiti mara nyingi. Programu lazima iamue lini pigo limekwisha. Mashine nyingi hutumia vipimo vitatu vya muda, vinavyoandikwa PDT, HDT na HLT: muda wa kutafuta kilele, muda wa kusubiri ukimya kabla ya kufunga pigo, na muda wa kuziba masikio baada ya hapo ili mwangwi usihesabiwe kuwa pigo jipya. Kwa chuma huanziwa mara nyingi na mikrosekunde 300, 600 na 1,000. Kwa faiba, ambako mawimbi hufifia upesi, namba huwa ndogo zaidi.

Ukiweka HDT ya mikrosekunde 100 kwenye mtungi wa chuma, ufa mmoja pamoja na mwangwi wake huweza kuonekana kama mapigo manne. Ukiiweka ndefu mno, nyufa mbili zinazofuatana zitasomeka kama moja kubwa. Katika hali zote mbili programu haitoi onyo lolote, inahesabu tu kwa utulivu. Basi mruhusu mtumiaji aone umbo la wimbi lenyewe, na juu yake alama za mahali programu ilipofungua na kufunga pigo. Mkaguzi mwenye jicho atagundua kosa kwa kutazama mawimbi machache. Kwenye jedwali la maelfu ya mapigo hatagundua kamwe.

Mali bila daftari

Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na data ya nyufa ni mali ya aina hiyo. Kila faili ibebe ndani yake mipangilio yote iliyotumika: kizingiti, vipimo vya muda, kikuzaji, namba ya kila kihisi, mahali kilipobandikwa, kilibandikwa kwa grisi au gundi, na toleo la programu. Mtu akibadilisha kizingiti saa nane mchana, badiliko hilo liingie kwenye mkondo uleule wa data pamoja na wakati wake. Vinginevyo mwaka kesho mchambuzi ataona mapigo yamepungua nusu saa nane na kuandika kwamba chombo kimetulia, kumbe kizingiti kilipandishwa.

Data ghafi isifutwe wala kuandikwa juu yake. Uchambuzi uandikwe kwenye faili lake, ukielekeza kwenye data uliyotoka. Mapigo yaliyokataliwa kama kelele yawekewe alama na sababu, yabaki palepale. Mvua ya masika ikipiga bati la tangi huleta mapigo mengi sana. Jua la saa sita likipasha upande mmoja, vyuma hutanuka na kulia. Vali hukwaruza, nati iliyolegea husuguana. Leo unaweza kuwa na hakika kwamba mlio wa kona ya kaskazini ni wa nati. Akija mwingine mwezi ujao akikuta hakuna nati kona ile, atashukuru kwamba hukufuta.

Saa mbili, kazi mbili

Tofauti ya mikrosekunde 1 kwenye bamba la chuma ni milimita 5 hivi za umbali. Saa ya kawaida ya kompyuta, inayorekebishwa kupitia intaneti na kuruka mbele au nyuma, haifai hata kidogo. Tumia kihesabu cha mashine kisichorudi nyuma, kinachoziongoza chaneli zote, kwa kupanga mapigo. Tumia saa ya ukutani kwa kumwambia binadamu ilikuwa tarehe ngapi. Hifadhi zote mbili. Umeme ukikatika na mfumo ukajiwasha upya, kihesabu kitaanza sifuri, kwa hiyo kila kuwashwa kupewe namba yake. Vituo viwili vilivyo mbali vioanishwe kwa GPS, na programu irekodi pale muunganisho huo ulipopotea.

Nukta kwenye ramani

Watumiaji hupenda ramani kuliko kitu kingine chochote, na hapo ndipo programu hudanganya kwa urahisi. Chukua vihisi viwili vilivyo umbali wa mita 2, na ufa ulio sentimita 60 kutoka cha kwanza. Wimbi likienda mita 5,000 kwa sekunde, litafika cha kwanza baada ya mikrosekunde 120 na cha pili baada ya 280. Tofauti ni 160. Zidisha kwa mwendo, toa kwenye mita 2, gawa kwa mbili: unapata sentimita 60. Safi kabisa.

Sasa fikiria lililo la kawaida. Kwenye bamba, ufa huachia mawimbi ya namna mbili kwa pamoja: la haraka lakini hafifu, na la polepole lakini lenye nguvu, linalokwenda karibu mita 3,000 kwa sekunde. Kihisi cha karibu kinalisikia la haraka. Kufika kwenye cha mbali, lile la haraka limefifia chini ya kizingiti, kwa hiyo kinachokivuka ni la polepole, baada ya mikrosekunde 467. Tofauti sasa ni 347, na programu inayoshikilia mita 5,000 itaweka nukta sentimita 13 kutoka kihisi cha kwanza. Imekosea kwa karibu nusu mita, na nukta yake inang'aa sawasawa na ile ya kweli.

Ushauri hapa ni wa aina tatu. Mwendo wa wimbi upimwe kwenye chombo chenyewe, usichukuliwe kitabuni. Pale vihisi vilipo vya kutosha, tumia zaidi ya idadi ya chini inayohitajika, ili hesabu iwe na ziada inayofichua kutokubaliana. Na usichore nukta, chora duara ambalo ukubwa wake ni wasiwasi wa hesabu. Tukio lisilopatana na mahali popote lihesabiwe na kuonyeshwa kwa idadi, maana matukio ya namna hiyo yakiwa mengi, ama mwendo umekosewa ama kihisi kimeandikwa mahali sipo.

Sura nyingi za uziwi

Uziwi wa kwanza ni wa kihisi. Dawa yake ya zamani ni risasi ya penseli: unavunja kipande cha milimita 3 hivi cha risasi ya ugumu wa 2H, yenye unene wa milimita 0.5 au 0.3, ukiibana kwenye chuma karibu na kihisi. Mvunjiko huo hutoa wimbi linalofanana sana kila mara. Ingiza zoezi hili ndani ya programu. Iwe na ukurasa unaomwongoza fundi kihisi kwa kihisi, unaopokea mapigo, kulinganisha chaneli na wastani wa wenzake, na kukataa kuanza jaribio kama moja imepita kiwango kilichowekwa na utaratibu wa ukaguzi. Zoezi lirudiwe mwishoni, maana jaribio lililoanza na vihisi vizima na kumalizika na kimoja kilichobanduka lina saa kadhaa zisizojulikana katikati.

Kwa mfumo unaoachwa porini miezi, hakuna fundi wa kuvunja risasi. Kristali ya piezo ina faida yake: ukiipa umeme, hutikisika. Kila usiku programu iamrishe kihisi kimoja kipige na vingine visikilize, kisha zamu ibadilike. Linganisha na jedwali la siku ya kwanza. Chaneli inayofifia wiki baada ya wiki inakueleza habari za gundi yake.

Uziwi wa pili ni wa programu yenyewe, nao ni wa hatari zaidi kwa sababu huja wakati mbaya kuliko wote. Chombo kinapokaribia kushindwa, mapigo hufurika. Bafa hujaa, na mfumo uliosanifiwa kwa siku tulivu huanza kudondosha data kimyakimya. Amua mapema nini kiachwe kwanza: yaachwe maumbo ya mawimbi, kisha sifa ndogondogo za pigo, lakini hesabu ya mapigo na wastani wa ishara visiachwe kamwe. Na kila kilichodondoshwa kihesabiwe, chaneli kwa chaneli, ili anayesoma ajue kwamba alichoona ni sehemu tu ya kilichotokea.

Uziwi wa tatu ni wa wakati ambao mfumo haukuwepo. Daraja la barabara la Forth, karibu na Edinburgh huko Scotland, lilifunguliwa mwaka 1964. Kila kebo yake kuu ina nyaya 11,618. Kebo zilipofunuliwa na kukaguliwa mwaka 2004 zilikutwa na kutu na nyaya zilizokatika, na mwaka 2006 ukafungwa mfumo wa kusikiliza nyaya zinapokatika. Mfumo kama huo hauwezi kuhesabu waya uliokatika kabla haujawashwa. Chati yako ikianza na sifuri, iandikwe wazi kwamba sifuri hiyo ni ya tarehe fulani. Na ukitoa kasi ya matukio, gawanya kwa saa ambazo mfumo ulikuwa unasikia, usigawanye kwa siku za kalenda. Mwezi ambao umeme ulikatika kwa wiki mbili usionekane kuwa mwezi wa neema.

Yote haya yakikusanywa, programu itaweza kuandika ripoti yenye sentensi kama hii: "Katika saa 24 zilizopita, chaneli 7 kati ya 8 zilisikia muda wote, chaneli ya 5 haikusikia kuanzia saa 9:10 hadi saa 11:40 alasiri, hakuna pigo lililodondoshwa, shinikizo halikupita kiwango cha juu cha zamani." Mkaguzi anaweza kufanya uamuzi kwa sentensi hiyo. Kwa grafu iliyolala hawezi.

Kengele na mwenye kuisikia

Usipige kengele kwa pigo moja. Piga kwa mwenendo: mapigo yanayoongezeka wakati mzigo umesimama, matukio yanayorundikana mahali pamoja, nguvu inayopanda pigo kwa pigo. Kila kengele iseme sababu yake kwa maneno ya kazi na iambatane na mawimbi machache ya kutazama. Kengele ya uziwi iwe na uzito uleule wa kengele ya ufa, lakini rangi na maneno tofauti, kwa kuwa anayeitwa ni mwingine: ya kwanza inamwita fundi, ya pili inamwita mhandisi. Zikichanganywa, baada ya wiki chache hakuna atakayeinuka kwenye kiti.

Kuhusu akili bandia, nitasema kidogo. Inasaidia kupanga mapigo kwenye makundi yanayofanana. Lakini kundi si aina ya ufa mpaka mtu amekata chuma na kuangalia, na mifano iliyothibitishwa hivyo ni adimu. Iache ipendekeze alama, isiwe na ruhusa ya kufuta.

Pa kuanzia

Ukiwa na muda mfupi na watu wachache, jenga kwa mpangilio huu: kwanza uandishi wa data ghafi pamoja na mipangilio yake, pili ukaguzi wa vihisi na hesabu ya data iliyodondoshwa, tatu chaneli ya mzigo, nne ripoti. Ramani na mapambo mengine yafuate. Tengeneza mapema kifaa cha kurudia data ya zamani kana kwamba inaingia sasa hivi, ili kila toleo jipya la programu lipitishwe kwenye mapigo yaleyale na majibu yalinganishwe. Irudie pia kwa kasi mara kumi, uone bafa inafanya nini.

Na siku ya kumwonyesha mteja, usimvunjie risasi ya penseli peke yake ili ashangilie nukta. Mpe mgongo, mwambie achomoe waya mmoja bila kukuambia ni upi wala lini. Kisha angalieni pamoja inachukua muda gani programu kutaja chaneli hiyo kwa namba yake. Ikinyamaza, rudini mezani. Bado haijawa tayari kuachwa peke yake na tangi.